Mnachimba rupia, mnafukia historia!

Naandika kutoka Makutupora, nchi ya zabibu, visima vya maji na makamanda wa JKT. Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na muziki, maana kuna jambo limenikaa kooni kama mfupa wa perege na nikiendelea kunyamaza nitapaliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna vijana wenzangu, wa rika langu na lako, wamegeuka panya buku. Usiku wanachimba, mchana wanalala. Ukiwauliza wanachimba nini, wanakujibu kwa sauti ya chini, kama vile wewe ni polisi: "Mali." Mali ya nani? "Ya Mjerumani, mshikaji." Ukiwaambia hapo Mjerumani hakuwahi hata kuweka kiti, wanageuza kibao: "Basi ya Mhindi."

Hivi jamani, tangu lini mtu anayeuza chumvi na mafuta ya taa akafukia dhahabu kisha akaenda zake bila kuaga?

Kabla sijaendelea, tusichanganyane majina. Makutupora ziko mbili. Hii yangu iko kaskazini ya mji wa Dodoma, njia ya kwenda Arusha. Nyingine, wengine huiandika Makutopora, iko wilaya ya Manyoni, na ndiyo uliyoisikia kwenye habari za reli ya kisasa, kipande cha Morogoro mpaka Makutupora. Ninayoyasema leo yanazihusu zote mbili, na vijiji vyote vya uwanda huu wa kati ambako ukitembea vichakani unakuta ukuta umesimama peke yake, hauna paa, hauna mwenyewe. Wagogo na Waswahili tuna neno zuri la mahali pa namna hiyo: mahame.

Sasa tusafishe lugha. Mtaani kwetu kila mwenye nywele laini na duka ni Mhindi, faili limefungwa. Hapana bwana. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, hata kama India yenyewe anaijua kwenye sinema tu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Unaweza kuwa Mhindi usiwe Mhindu. Ismailia ni Mwislamu, Bohora ni Mwislamu, Mgoa kwa kawaida ni Mkristo, Kalasinga ana dini yake ya Usikh. Mhindu mwenyewe ndiye ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani. Ndiyo, yule yule wa kwenye methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Leo namzungumzia yeye na kiatu chake.

Kuna msomaji mmoja alinibana kijiweni: "Wewe unayejifanya kujua, mbona pwani kuna mahekalu ya Wahindu na huku bara katikati hatuoni hekalu la zamani hata moja? Baniani wa zamani alikuwa anaabudu wapi?" Swali zuri. Jibu lake ndilo linaeleza kwa nini wachimbaji wetu wanapoteza jasho.

Turudi nyuma, karne ya 19. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa Ugogo. Wapagazi walipanda Mpwapwa, wakavuka nyika yenye kiu, wakaingia kwa watemi wa Kigogo waliojua thamani ya maji yao. Hupiti bure! Unatoa nguo, unatoa shanga, unatoa waya, ndipo unaruhusiwa kunywa na kupita. Malipo hayo yaliitwa hongo. Ndiyo hiyo hiyo hongo ya siku hizi, ila enzi hizo ilikuwa ushuru wa halali wa mtemi, unalipwa mchana kweupe mbele ya watu. Baadaye ndiyo ikaingia chini ya meza.

Sasa ile nguo na zile shanga zilitoka wapi? Hapo ndipo anapoingia Baniani. Kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1830 na 1880 hivi, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindu kutoka Kutch, magharibi mwa India. Utaratibu ulikuwa hivi: unampa Sultani kiasi mlichokubaliana kwa mwaka, halafu ushuru unakusanya mwenyewe. Kinachozidi ni chako. Msimamizi wao aliyejulikana sana Unguja alikuwa Ladha Damji. Watu wa aina hiyo ndio waliokuwa benki ya wakati ule. Mfanyabiashara Mwarabu au Mswahili anakuja mikono mitupu, anapewa bidhaa kwa mali kauli, anaingia bara mwaka mzima au miwili, akirudi na pembe za ndovu analipa deni na faida juu. Asiporudi, ndugu zake wanatafutwa.

Kwa hiyo Baniani alikuwamo kwenye kila msafara uliopita Ugogo, lakini alikuwamo kwenye daftari. Miguu yake ilibaki Unguja.

Mfano ninaoupenda. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walivuka Ugogo wakielekea Ziwa Tanganyika. Kwenye msafara wao kulikuwa na kikosi walichokiita "wana wa Ramji", kiongozi wao akiitwa Mwinyi Kidogo. Ramji alikuwa Baniani wa forodhani Unguja. Na wale hawakuwa wanawe wa kuzaa. Walikuwa watumwa wake, amewakodisha kama unavyokodisha turubai la harusi. Ramji mwenyewe hakuvuka mto hata mmoja. Watumwa wake ndio waliokanyaga miiba yetu.

Naisema hiyo ili mtu asije akadhani namchorea Baniani picha ya malaika. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza Unguja, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa chini ya himaya ya Waingereza kuwaachia watumwa wao, na waliopata uhuru walizidi 5,000. Soko lenyewe la watumwa Unguja likafungwa mwaka 1873. Hiyo nayo ni historia ya Baniani, na hatuifichi.

Wahindi waliopanda bara wenyewe enzi hizo walikuwa wachache, na anayejulikana zaidi ni Musa Mzuri, aliyefanya makazi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Lakini Musa alikuwa Khoja kutoka Surat, Mwislamu. Hesabu haitoki kwa Baniani.

Kwa nini Baniani hakupanda? Dini yake ilimbana. Chakula chake kina masharti, kuvuka bahari kwenyewe kulitazamwa kama najisi na wakubwa wa kabila lake, na kwa miaka mingi hakuja na mke. Alikuja peke yake, akachuma, akarudi Kutch kuoa na kuzeekea. Mtu asiye na mke na watoto mahali hajengi hekalu. Anapanga chumba.

Na kubwa kuliko yote, msomaji wangu, Mhindu akifa hazikwi. Anachomwa moto, majivu yanatiwa mtoni au baharini. Wanaozikwa ni wachache, kama watoto wachanga na watu wao watakatifu. Mwarabu ameacha makaburi, Mzungu ameacha makaburi na misalaba ya chuma. Baniani ameacha majivu yaliyokwenda na maji. Sasa wewe unayechimba kutafuta "kaburi la Mhindi lenye dhahabu", unachimba kitu ambacho dini yake mwenyewe imekataa kukitengeneza!

Mambo yalibadilika ilipokuja reli. Mjerumani alianza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikapita Dodoma, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hapa nirekebishe uongo mmoja wa kijiweni. Watu wanasema Wahindi waliletwa kujenga reli yetu. Hiyo ni habari ya Kenya na Uganda. Kule Mwingereza alileta vibarua karibu 32,000 kutoka India kati ya 1896 na 1901. Reli yetu ya kati ilijengwa kwa sehemu kubwa sana na mikono ya Waafrika. Mhindi alikuja nyuma ya reli, kufungua duka stesheni.

Na safari hii Baniani alikuja na mke. Ndipo yakaanza maduka ya mawe na bati kila penye stesheni na kila penye mnada wa ng'ombe. Mbele kibaraza, ndani kaunta na mizani, nyuma ua na jiko. Ananunua karanga, ngozi, samli na nta, anauza kaniki, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Juu kwenye paji la nyumba anaandika mwaka wa kujenga, na wengine wanaweka na jina. Kwa hiyo hekalu lake lilikuwa wapi? Kwa wengi wao lilikuwa humo humo nyumbani. Rafu moja ukutani yenye picha na taa ndogo, na kitu kimoja uani ambacho nitakueleza sasa hivi.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda na jirani yangu mpaka kijiji kimoja cha kandokando ya reli, jina nalihifadhi, maana nikikitaja mtahamia huko na masururu. Pale kuna gofu la duka. Paa hakuna, mlango hakuna. Juu ya tundu la mlango kuna alama imechongwa kwenye saruji: msalaba wenye miguu iliyopinda na nukta nne katikati ya miguu. Uani kulikuwa na kitu kama meza ya saruji, urefu wa kiuno, juu kina shimo. Nasema kulikuwa, kwa sababu nilikikuta vipande. Chini yake shimo la kina cha mtu mzima.

Kijana mmoja wa pale, mkono wake una malengelenge ya koleo, alinieleza kwa uhakika wa mtu aliyeona ramani. "Broo, hiyo alama juu ya mlango si unaiona? Hiyo ni ya Hitler. Mjerumani mwenyewe. Ameweka alama ya mali, halafu meza ndiyo mfuniko."

Nikamuuliza wamepata nini. Akaingiza mkono mfukoni. Kipande cha bangili ya kioo, kifuniko cha kopo la poda, na senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati. Basi. Kwa mali hiyo, mwenzao mmoja aliangukiwa na ukuta usiku walipochimba chini ya msingi, na mguu wake mpaka leo haukanyagi sawa.

Sasa tufanye hesabu za darasa la nne. Jeshi la Mwingereza na Makaburu liliingia Dodoma Julai 1916, na Mjerumani akaondoka hapa kwa moto. Chama cha Nazi kilichukua ile alama kuwa bendera yake mwaka 1920. Mjerumani wa Dodoma angewezaje kuchonga mwaka 1910 alama ambayo chama chake hakijazaliwa? Alama ile si ya kwake. Ni svastika, alama ya Wahindu ya maelfu ya miaka, maana yake heri na baraka. Wanaichora mlangoni ili mema yaingie. Wanaichora na kwenye daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali, pamoja na maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Hitler aliiba, akaitia damu. Baniani wa kwetu alikuwa anaombea biashara yake tu.

Na ile meza ya saruji? Hiyo nilielezwa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe anatutazama kama tunavyotazama kuku wanaoparua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Na wewe umekuja kuchimba?"

"Hapana babu, nimekuja kuuliza."

"Basi wewe wa kwanza."

Babu akasema pale palikuwa na mti mdogo wa harufu. Mke wa mwenye duka alikuwa anauamkia asubuhi na kopo la shaba, anaumwagilia, anauzunguka, jioni anauwashia taa. Watoto wa kijiji walikuwa wanachungulia ukutani wakicheka. Mti wenyewe ni tulsi, mrihani mtakatifu wa Wahindu, ndugu wa kivumbasi chetu tunachofukuzia mbu. Kila nyumba ya Kihindu inayojiweza ina sehemu yake uani, imejengewa kwa heshima. Kwa maneno mengine, vijana wetu wamevunja madhabahu ya mama wa watu wakidhani ni mfuniko wa pipa.

Nikamuuliza babu, yule Baniani alikuwa mtu wa namna gani? Akanyamaza kidogo. "Alitupunja kwenye mizani. Kila mtu alijua. Kidole chake kilikuwa na uzito wa nusu ratili. Lakini mwaka wa njaa alimkopesha mama yangu mahindi, akaandika kwenye daftari lake. Akaondoka kabla mama hajamaliza kulipa. Mama alikuwa anasema mpaka anakufa: deni la Baniani ninalo."

Msomaji, pima maneno hayo. Kidole kwenye mizani na mahindi ya mkopo, mtu yule yule, duka lile lile. Historia ya kweli haiji na soda ya upande mmoja.

Waliondoka lini? Wengi walianza baada ya mwaka 1967, Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikawa za serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Duka la kijijini halikufika thamani hiyo, lakini mjomba wa mjini alikuwa na ghorofa, na mjomba akifunga safari na mpwa anafungasha. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi ishikwe na maduka ya ushirika. Na tusisahau kwamba wakati huo huo Wagogo wenyewe walikuwa wanahamishwa. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilitoa watu kwenye matembe yao ikawapanga kwenye vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo ukiona mahame huku kwetu, usifikiri mwenyewe alikufa. Mara nyingi aliamriwa.

Sasa njoo kwenye sheria, hapo ndipo nilipokasirika kweli. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Inasema jengo linalolindwa moja kwa moja kama kumbukumbu ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Elfu moja mia nane sitini na tatu! Mwaka huo reli yetu ilikuwa bado miaka 42 mbele. Maana yake Kilwa imo, Kaole imo. Lakini stesheni zetu, maduka yetu ya mawe, mahekalu yote ya enzi ya reli, na matembe ya babu zetu wenyewe, hayalindwi mpaka waziri ayatangaze moja moja. Ila kuna kichekesho: mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 unalindwa. Mlango una mlezi, nyumba ni yatima.

Na kwa taarifa ya panya buku wetu, sheria hiyo hiyo inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni. Kwa hiyo mguu umevunjika na kesi inakungoja.

Mtu ataniambia tunatunza mbona. Kweli, michoro ya mapangoni Kondoa iliingia urithi wa dunia mwaka 2006. Mwaka huo huo njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe iliwekwa kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tatu katika hizo, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, ziko ndani ya uwanda wetu wa kati! Kwihara kuna tembe la makumbusho kwa sababu Livingstone alikaa hapo mwaka 1872. Vizuri sana. Lakini nauliza tu, mie mtoto wa sekondari ya kata: mbona tunatunza alipolala mgeni, hatutunzi alipokopa bibi?

Kama unataka magofu ya Kihindu ya kukutoa macho, yako India kwenyewe. Kuna kijiji kinaitwa Hampi, kando ya mto Tungabhadra. Palikuwa mji mkuu wa dola la Vijayanagara, ulioanzishwa mwaka 1336 na kuporwa mwaka 1565 baada ya jeshi lake kushindwa vitani. Yamebaki mahekalu kila kona, na gari la jiwe ambalo watalii wanapanga foleni kulipiga picha. UNESCO ikapaandika mwaka 1986. Lakini hata huko si peponi. Mwaka 2011 familia zilizokuwa zinaishi na kuuza vitu kwenye soko la kale, mbele ya hekalu la Virupaksha, zilivunjiwa nyumba ili magofu yabaki safi. Huko wameokoa jiwe wakafukuza watu. Kwetu watu wameondoka zamani na jiwe tunalimaliza kwa sururu. Mimi naona kuna njia ya katikati, na haihitaji mfadhili.

Njia yenyewe ni simu yako. Ndiyo, hiyo hiyo unayopigia picha chipsi. Dodoma tangu ihamiwe na serikali inabomoa na kujenga usiku na mchana, na maduka ya zamani ya katikati ya mji yanaondoka kimya kimya, leo lina mwaka kwenye paji, kesho ni uzio wa mabati. Pita upige picha paji la nyumba kabla halijaanguka. Andika mwaka, andika jina, andika mtaa. Halafu tafuta babu au bibi mmoja umuulize maswali matatu tu: nani alikaa hapa, aliuza nini, aliondoka lini. Peleka nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, mwombe aandike barua ili jengo moja, hata moja tu, litangazwe. Akikuzungusha, rudi tena. Afisa anachoka kabla ya kijana.

Najua kuna wa kusema, "Historia ya Baniani inatuhusu nini sisi?" Ndugu yangu, umeamka ukatafuta pesa, ukapanda gari, ukala chapati, ukaota kupata laki, na mwenye pikipiki akakuuliza kama ana bima. Maneno yote matano yametufikia kwa njia ya India. Hata hiyo rupia unayoichimba ni neno la huko, la maana ya fedha. Mjerumani alilikuta hapa akalipiga muhuri wake. Na ukuta ule wa duka, mawe yake yalibebwa na babu yako, maji ya saruji yalichotwa na bibi yako, na faida iliyoujenga ilitoka kwenye karanga zao. Ukiubomoa hujamkomoa Baniani. Yeye alishakwenda. Umefuta ushahidi wa jasho la kwenu.

Lile deni la mama yake yule mzee halina tena wa kulidai, na daftari lake sijui liliishia kwenye jiko la nani. Lakini babu bado analikumbuka, mahindi kwa mahindi. Hiyo ndiyo mali, mshikaji. Iko juu ya ardhi, imekaa chini ya mwembe, na haitakaa hapo miaka mingine ishirini.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: kwa nini jamaa wa Dodoma wakialikwa harusi wanafika na kadi bila mchango? Usikose. Kwa leo, weka sururu chini.